Diski au Kupakua? Mwongozo kwa Wachezaji wa Gemu Kitengela na Kajiado

Ukienda kununua PS5 au Xbox, swali la kwanza la kujiuliza ni kama mashine ina mlango wa diski au haina. Wengi hulipuuza kwa sababu mashine isiyo na mlango huuzwa kwa bei nafuu. Lakini kwa mkazi wa Kitengela, Isinya au mjini Kajiado, jibu lake ndilo huamua utalipa kiasi gani kwa kila gemu utakayonunua baadaye.

Kagua mashine kabla ya kulipa

Xbox Series S haisomi diski kabisa, wala huwezi kuiongezea mlango. Ndivyo ilivyo pia PS5 Digital Edition ya kwanza, iliyotoka Novemba 2020. PS5 nyembamba za mwishoni mwa 2023 na PS5 Pro ya Novemba 2024 zina nafuu: unaweza kununua mlango wa diski kando na kuupachika mwenyewe, ila siku hiyo lazima mashine iunganishwe na intaneti.

PS5 yenye mlango husoma diski zake na karibu zote za PS4. PS4 haisomi za PS5. Soma maandishi ya juu ya kasha kabla hujatoa pesa.

Piga hesabu ya bando

Diski haikuondolei haja ya intaneti, kwa maana gemu nyingi huhitaji kuboreshwa mara tu unapoziweka. Hata hivyo inakupunguzia mzigo mkubwa. Diski ya PS4 hubeba hadi GB 50, na ya PS5 hadi GB 100. Red Dead Redemption 2 ya mwaka 2018 ilikuja kwa diski mbili kwenye PS4 kwa sababu moja haikutosha.

Sasa tazama upande wa kupakua. Mwaka 2024 Safaricom iliuza faiba ya nyumbani yenye kasi ya Mbps 15 kwa Sh2,999 kwa mwezi. Kwa kasi hiyo, GB 50 huchukua zaidi ya saa saba, na GB 100 karibu saa 15, tena ikiwa hakuna mwingine nyumbani anayetazama filamu. Mwenye faiba mtaani Kitengela anaweza kuacha mashine ikipakua usiku kucha. Stima ikipotea, kwa kawaida mashine huendelea pale ilipoachia.

Nje ya mji hesabu hubadilika. Starlink, iliyoingia Kenya Julai 2023, imewafaa walio mbali na nyaya za faiba, ingawa Novemba 2024 ilisitisha kwa muda kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti jirani, Kajiado ikiwemo. Kifurushi chake cha GB 50 kiliuzwa Sh1,300: gemu moja kubwa inakimaliza. Anayetegemea bando la simu ndiye anayeumia zaidi.

Ipo njia ya katikati. PS4 na Xbox hukubali diski kuu ya nje ya USB. Pakua gemu kwa ndugu au rafiki mwenye faiba, beba diski hiyo hadi nyumbani, kisha ingia kwa akaunti yako mwenyewe. Kwa PS5, gemu za PS4 huchezeka moja kwa moja kutoka USB, lakini za PS5 huhifadhiwa tu humo na lazima zihamishiwe ndani ya mashine kwanza.

Kulipa mtandaoni

PlayStation Store haina duka rasmi la Kenya. Wachezaji wengi hapa hutumia akaunti ya nchi nyingine, kama vile Marekani, Uingereza au Afrika Kusini. Fahamu mambo matatu. Nchi ya akaunti haibadilishwi baadaye. Kadi ya zawadi ya Marekani hufanya kazi kwenye akaunti ya Marekani pekee. Tena nyongeza za gemu unazonunua mtandaoni lazima zilingane na eneo la diski yako, ijapokuwa diski yenyewe huchezeka popote.

Kadi ya M-PESA GlobalPay, iliyozinduliwa na Safaricom na Visa Juni 2022, inakubalika katika maduka mengi ya nje, lakini duka la nchi nyingine linaweza kuikataa. Ndiyo sababu wengi hununua namba za kadi za zawadi kutoka kwa wauzaji wa hapa. Nunua kwa muuzaji anayetoa risiti, na uiingize namba papo hapo.

Kuna pia wanaouza akaunti zenye gemu ndani kwa bei ya kutupa. Kaa nazo mbali. Aliyeifungua akaunti anaweza kuirudisha mikononi mwake wakati wowote, na kampuni inaweza kuifunga. Ukipoteza, huna pa kushtaki.

Faida ya diski: kuuza na kubadilishana

Ukimaliza gemu ya diski, unaweza kuiuza, kuiazima au kuibadilisha kwa nyingine. Gemu ya kupakua hubaki kwenye akaunti yako. Unapopewa diski ya mtumba, igeuze kwenye mwanga ukague mikwaruzo, omba ijaribiwe dukani, na usilipie zaidi kwa ajili ya namba ya bonasi iliyo ndani ya kasha, huenda ilishatumika.

Vumbi letu la Kitengela ni adui wa mlango wa diski. Rudisha diski kwenye kasha kila unapomaliza, na uipanguse kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha.

Ni mali yako kweli?

Unapopakua, unanunua leseni ya kucheza. Nintendo ilifunga mauzo ya mtandaoni ya Wii U na 3DS Machi 27, 2023, na Microsoft ikafunga duka la Xbox 360 Julai 29, 2024. Waliokuwa wamenunua waliruhusiwa kuendelea kupakua, lakini gemu zilizouzwa humo pekee hazikupatikana tena kwa mnunuzi mpya.

Diski nayo si kinga kamili. Ubisoft ilipozima seva za The Crew mwishoni mwa Machi 2024, hata wenye diski hawakuweza kuicheza tena. Gemu inayotegemea seva hufa na seva yake.

Uamuzi

Kama huna faiba isiyo na kikomo, nunua mashine yenye mlango wa diski hata kama itakubidi usubiri mwezi mmoja zaidi. Gemu za hadithi, unazomaliza na kuachana nazo, zinunue kwa diski uziuze. Gemu unayoicheza kila siku, kama ya mpira, ipakue ikiwa kwenye ofa, ili usihangaike kubadilisha diski. Mashine yenye mlango hukuachia njia zote mbili. Isiyo nao, na isiyoweza kuongezewa, hukufungia moja siku unayoinunua.