Kifua Hupiga Hodi: Mtambueni Mgonjwa wa Mapafu Kabla Hajazidiwa

Ugonjwa sugu wa mapafu hubana njia za hewa mwaka hadi mwaka. Huwapata zaidi waliovuta sigara kwa muda mrefu, waliopikia kuni katika jiko lisilo na dirisha, waliofanya kazi kwenye vumbi, na baadhi ya waliowahi kuugua kifua kikuu. Wenyewe hauambukizi. Mwaka 2021 uliua watu wapatao milioni 3.5 duniani.

Mgonjwa anaweza kuishi nao vizuri, lakini kila anapozidiwa, mapafu yanaweza kubaki dhaifu kuliko awali. Mara nyingi dalili huanza siku kadhaa kabla. Anayeweza kuziona mapema ni yule anayekaa naye nyumbani.

Ijueni siku yake ya kawaida

Bibi aliyezoea kufagia uwanja wote bila kupumzika, leo akiketi mara mbili kabla hajamaliza, msiseme ni uzee tu. Kila jioni muulizeni:

1. Umehema zaidi kuliko jana?
2. Makohozi yameongezeka?
3. Yamegeuka rangi, kuwa ya njano au kijani?
4. Umetumia pampu yako ya kufungua kifua mara nyingi zaidi?
5. Usiku umelala, au umekaa kitako kutafuta pumzi?

Wekeni alama kwenye kalenda ya ukutani. Dalili zikizidi siku mbili mfululizo, nendeni kituo cha afya hata kama bado anatembea. Tiba ikianza mapema, mgonjwa hupata nafuu haraka zaidi.

Nani aangaliwe zaidi?

- Aliyezidiwa mara mbili au zaidi ndani ya mwaka mmoja, au aliyelazwa hata mara moja.
- Aliyetoka kuzidiwa karibuni. Wiki nane zinazofuata ni za hatari.
- Yeyote mwenye ugonjwa huu, nyumbani kukiwa na mafua, au moshi na vumbi vikizidi.

Akianza kubanwa

Mketisheni, ainame mbele kidogo, mikono juu ya magoti. Avute pumzi kwa pua, aitoe polepole kwa midomo iliyokunjwa, kama anayepoza uji wa moto. Atumie pampu yake ya kufungua kifua kama alivyoelekezwa. Msimpe viuavijasumu vilivyobaki kabatini wala dawa ya jirani.

Mkimbizeni hospitali mara moja, hata usiku, ikiwa:

- hawezi kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi;
- midomo au kucha zinakuwa za bluu au kijivu;
- amechanganyikiwa au ana usingizi usio wa kawaida;
- pampu haimsaidii;
- anakohoa damu au kifua kinamuuma sana.

Anayekohoa wiki mbili au zaidi, anayekonda au kutoka jasho usiku, apimwe pia kifua kikuu.

Kinga ya kila siku

Sigara iachwe, na asivute mtu yeyote ndani ya nyumba. Pikieni nje au penye hewa, na mgonjwa akae mbali na moshi. Mwenye mafua anawe mikono na asimkaribie. Ulizeni kituoni kuhusu chanjo ya mafua na ya nimonia. Dawa za kila siku zisikatizwe kwa sababu tu amepata nafuu. Atembee kidogo kila siku kadiri awezavyo.

Kalenda ile yenye alama nendeni nayo kituoni. Itamweleza mhudumu kifua kilianza lini kubadilika, jambo ambalo mgonjwa aliyekosa pumzi hawezi kulisimulia.