Kabla ya Kununua Pawatila Kuukuu: Somo kwa Vikundi vya Kibera na Kawangware

"Haina shida, inataka tu oili na dizeli." Mwenye kuuza mashine iliyolala miaka miwili nyuma ya nyumba husema hivyo. Huenda ni kweli. Huenda pia ndani mna pistoni iliyoshikwa na kutu, na pesa ambazo kikundi kimechanga kwa mwaka mzima zikaishia hapo.

Somo hili ni la wakazi wanaofikiria kununua pawatila kuukuu, yaani trekta ndogo ya magurudumu mawili ambayo mwendeshaji hutembea nyuma yake akishika mikono yake miwili. Mashine hii inafaa mashamba madogo yaliyobaki Mutuini, Waithaka na Ruthimitu, ambako baadhi ya wakazi wa Kawangware na Kibera hukodi ploti za kulima sukuma wiki, mahindi na viazi. Trekta kubwa haipati pa kugeukia katika ploti ya futi 50 kwa 100. Pawatila hupata.

Kumbukeni jambo moja tangu mwanzo: mashine kuukuu hununuliwa mara mbili. Mara ya kwanza mnamlipa muuzaji, mara ya pili mnamlipa fundi. Kikundi kinachohesabu malipo ya kwanza peke yake ndicho kinachokwama.

1. Hesabu kwanza, mashine baadaye

Tuchukue mfano wa kikundi cha watu 16, kila mmoja akitoa shilingi 5,000. Jumla ni shilingi 80,000. Kikundi hiki kisiende sokoni na shilingi 80,000 mfukoni. Kigawe pesa hizo hivi: 40,000 za kununua, 24,000 za spea na fundi, 4,000 za usafiri na hati, na 12,000 za akiba. Hizi ni takwimu za kufundishia hesabu, si bei ya soko. Muhimu ni uwiano: bei ya kununua isizidi nusu ya pesa mlizo nazo.

Sasa hesabuni kazi. Tuseme mtalipisha shilingi 1,200 kwa kila ploti, na dizeli, oili na posho ya mwendeshaji vikachukua 400. Mnabaki na 800. Ili kurudisha shilingi 80,000 lazima mlime ploti 100. Mkilima ploti nne kwa siku, hizo ni siku 25 za kazi bila mashine kuharibika. Na kazi ya kulima haiko mwaka mzima: hukusanyika katika wiki chache kabla ya mvua ndefu za Machi hadi Mei na mvua fupi za Oktoba hadi Desemba.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta mashine, tafuteni wateja. Zungukeni, andikeni majina ya walio tayari na ukubwa wa ploti zao. Mkipata ploti 30 tu, kukodi mashine ya mtu mwingine ni nafuu kuliko kununua.

2. Spea ziko wapi?

Jirani zetu Tanzania walijifunza jambo hili. Baada ya mpango wa Kilimo Kwanza kutangazwa mwaka 2009, pawatila nyingi zilipelekwa wilayani. Nyingine zilifanya kazi nzuri, hasa kwenye mashamba ya mpunga. Nyingine zilikaa bila kazi kwa kukosa spea na mafundi, au zikageuzwa za kubebea mizigo.

Hivyo, kabla ya kukubaliana bei, andikeni aina ya injini na nambari zake, kisha nendeni kwenye maduka ya spea ya Barabara ya Kirinyaga, ambako wengi wetu bado hupaita Grogan. Ulizeni bei ya vitu vitano: ringi za pistoni, gasketi ya kichwa cha silinda, nozeli, mikanda na beringi. Ikiwa maduka matatu yote hayana hata kimoja, iacheni mashine hiyo hata kama ni ya bei ya kutupa.

Injini inayojulikana husaidia. Mfano ni S195 ya China: silinda moja yenye kipenyo cha milimita 95, nguvu farasi 12, inayopozwa kwa maji na kuwashwa kwa hendeli. Injini za aina hiyo huendesha pia mashine za posho na pampu za maji, kwa hiyo mafundi wanaozifahamu hawako mbali.

3. Kukagua mashine mbele ya muuzaji

Nendeni asubuhi, mchana kweupe, pamoja na fundi asiyejuana na muuzaji. Mlipeni fundi huyo posho yake iwe mmenunua au hamkununua, ili asiwe na sababu ya kuwasukuma mnunue.

Gusa injini kabla haijawashwa. Ikiwa ina joto, imewashwa kabla hamjafika, na huenda inasumbua ikiwa baridi. Subirini ipoe.

Zungusha hendeli. Juu ya kichwa cha silinda kuna mkono mdogo unaofungua vali ili injini izunguke kwa urahisi. Ukiufungua, injini izunguke bila kukwama. Ukiufunga, lazima usikie ukinzani mkubwa, kama unasukuma springi. Ikiwa inazunguka kirahisi hata ukiwa umefungwa, mgandamizo umekwisha, kile mafundi wanachokiita kompresheni. Hapo gharama ni ringi, pistoni au vali. Ikiwa haizunguki kabisa, pistoni imeshika.

Chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili nyeusi si tatizo kubwa. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani, na hiyo ni dalili ya gasketi iliyoungua au ufa. Ipakaze kati ya vidole. Ukihisi chembe za chuma, kuna beringi au sehemu nyingine inayolika.

Washa, kisha tazama moshi. Moshi mweupe kidogo wakati wa kuwaka ni kawaida, mradi uishe injini ikipata joto. Moshi wa bluu usioisha ni oili inayoungua ndani ya silinda. Moshi mweusi wakati mashine haina mzigo huelekeza kwenye nozeli au filta ya hewa iliyoziba. Mapovu yanayopanda mfululizo katika maji ya kupoza, injini ikiwa imetoka tu kuwaka, ni gesi inayovuja kutoka kwenye silinda.

Mwisho kagua giaboksi, klachi za mikononi, visu vya kulimia na fremu. Alama za kuchomelea kwenye fremu si dhambi, lakini ulizeni ilivunjika vipi. Visu vilivyolika visiwatishe, kwani mafundi wa Kamukunji hufua vyuma vya springi kuukuu za magari. Giaboksi iliyopasuka iwatishe.

4. Karatasi

Mashine inaweza kuwa nzima na mauzo yakawa mabovu. Soma nambari ya injini na ya fremu kwa macho yako. Ikiwa imekwanguliwa kwa tupa, ondokeni. Kununua mali ya wizi hakuwafanyi kuwa wamiliki, hata mkiwa mmelipa kwa nia njema.

Mashine inaweza pia kuwa dhamana ya mkopo. Chini ya Sheria ya Haki za Dhamana ya Mali Inayohamishika ya mwaka 2017, kuna rejista ambamo wakopeshaji huandikisha mali waliyoishika kama dhamana, na mwananchi anaweza kutafuta humo kupitia eCitizen. Fanyeni utafutaji huo kabla ya kulipa.

Ikiwa trekta imesajiliwa na ina kitabu cha umiliki, yaani logibuku, uhamisho hufanywa kupitia NTSA. Sheria ya Trafiki hairuhusu gari lililouzwa kutumiwa barabarani kwa zaidi ya siku 14 kabla mwenye kulinunua hajaandikishwa. Pawatila isiyosajiliwa ibebwe kwa pikapu mpaka shambani, isiendeshwe barabarani.

Andikeni mkataba wa mauzo wenye majina, nambari za vitambulisho, nambari za injini na fremu, bei, tarehe na sahihi za mashahidi wawili. Lipeni kwa njia inayoacha ushahidi. Risiti iwe kwa jina la kikundi, si la mwenyekiti. Kikundi kilichoandikishwa chini ya Sheria ya Uandikishaji wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 kitapata urahisi zaidi kuonyesha kwamba mali ni ya wote, mwanachama akifariki au akigombana na wenzake.

5. Kufufua: cha bei nafuu kwanza

Kosa la kawaida ni kufungua injini yote siku ya kwanza. Fuateni mpangilio huu.

Osheni mashine, mpige picha kila upande kabla ya kufungua bolti yoyote. Mwageni dizeli iliyolala. Tangi lenye kutu husafishwa kwa kutia changarawe safi na dizeli kidogo, kulitikisa, kisha kulisuuza mpaka litoke safi. Wekeni filta mpya na oili mpya. Kisha ondoeni hewa kwenye mfumo wa dizeli: legezeni bolti iliyo kwenye filta mpaka dizeli itoke bila mapovu, mkaze. Injini nyingi zinazodaiwa kufa huamka hapa.

Ikiwa pistoni imeshika, tieni dizeli iliyochanganywa na oili ndani ya silinda na muiache siku kadhaa, mkijaribu kuizungusha taratibu kila siku. Msipige kwa nyundo. Msivute mashine kwa gari ili ishtuke.

Hiyo ikishindikana, au mgandamizo ukiwa hafifu, ndipo kichwa cha silinda kifunguliwe. Nunueni ringi baada ya silinda kupimwa, si kabla. Silinda iliyolika itakula ringi mpya katika muda mfupi. Injini ikifungwa tena, saa zake za kwanza ziwe za mzigo mwepesi, na oili ibadilishwe mapema.

Rangi ni ya mwisho. Mashine iliyopakwa rangi kabla ya kutengenezwa imepambwa kwa ajili ya kuuzwa.

6. Usalama katika mitaa iliyosongamana

Nyumba zetu zimekaribiana, na nyingi ni za mabati na mbao. Msiwashe injini ndani ya chumba au stoo iliyofungwa, kwani moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyoonekana inayoua. Dizeli isiwekwe karibu na jiko wala mahali pa kulala.

Unapozungusha hendeli, kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine. Injini ikirudi nyuma ghafla, hendeli huvunja kidole kilichozunguka chuma. Leso, skafu na mikono mirefu ya shati ifungwe mbali na mikanda. Watoto wasisogee.

Oili chafu isimwagwe mtaroni. Mitaro ya Kibera huteremka Mto Ngong na Bwawa la Nairobi. Vijito vya Kawangware huishia Mto Nairobi. Kuna wakulima wanaomwagilia mboga kwa maji hayo hayo. Wekeni oili kwenye debe lenye kifuniko na mpeleke kwa gereji inayokusanyiwa taka hizo na mwenye leseni ya NEMA.

Maswali ya kujadili kikundini

Kabla ya mtu yeyote kutoa pesa, ketini na mjibu maswali haya kwa maandishi.

Tumeandika wateja wangapi, na ploti zao ni ngapi? Bei yetu ya mwisho ni ipi, na nani ana mamlaka ya kusema "tuondoke"? Nani ataendesha, nani ataweka daftari la dizeli na mapato? Mashine italala wapi usiku? Ikisimama katikati ya msimu, pesa za kuitengeneza zitatoka mfuko gani?

Swali lolote lisilo na jibu litajibiwa baadaye kwa pesa zenu. Kwa ushauri kuhusu udongo, msimu na mazao, muoneni ofisa wa kilimo wa kaunti ndogo yenu. Kilimo cha mjini kinatambuliwa na sheria ya Kaunti ya Jiji la Nairobi ya mwaka 2015, na kuuliza si kuomba hisani. Wakati mzuri wa kununua na kutengeneza ni miezi ya kiangazi. Anayeanza kutafuta pistoni mvua ikinyesha atawatazama wenzake wakipanda.