Ufa wa Rula Moja na Vidole Vitatu

Mdogo wangu wa Kitale ameniandikia. Amekuwa akiziba vioo vya magari kwa miaka miwili, vifaa vyake vyote vinaingia kwenye kisanduku kimoja nyuma ya pikipiki, na sasa neema imebisha hodi. Meneja wa Sacco inayopeleka abiria Bungoma anataka apewe bei ya matatu zote kwa mpigo. "Lakini dada," anasema, "nyingine zina ufa uliotoka kwa dereva ukafika kwa abiria. Nikizikataa hizo, si atampa kazi mtu mwingine?"

Atampa. Tuanzie hapo ili tusidanganyane. Na huyo mwingine atajaza resini kwenye ufa wa mita nzima, atawasha taa ya kuigandisha, kioo kitang'aa, atatia pesa mfukoni. Matuta mawili matatu ya barabara ya Webuye, na ufa utaendelea na safari yake pale ulipoachia. Meneja hatasema fundi fulani aliharibu. Atasema kuziba vioo ni utapeli, na wewe utakuwa ndani ya neno hilo bila kugusa hata gari moja.

Kwa hiyo usiende kwake kuuza resini. Nenda kama mtu atakayemwambia kioo gani kiokolewe, kipi kitolewe.

Unajua, lakini wasomaji wengine hawajui: kioo cha mbele ni vipande viwili vya kioo na utando wa plastiki katikati. Tunamshukuru Mfaransa Édouard Bénédictus, mkemia aliyeangusha chupa ya maabara mwaka 1903 akaona imepasuka bila kusambaratika. Jiwe kwa kawaida hupasua kipande cha nje tu, na kazi yako iko hapo. Ingia ndani ya gari, pitisha ukucha juu ya ufa. Ukucha ukikwama na huko ndani, funga kisanduku. Hiyo haina mjadala.

Halafu pima. Kiwango cha Marekani cha kuziba vioo, kiitwacho ROLAGS, kinakomea inchi 14 kwa ufa mmoja. Zamani mafundi wa huko waliambiwa usizidi urefu wa noti ya dola, inchi 6 hivi, kwa hiyo resini na ujuzi vimesogea mbele. Inchi 14 ni rula ya shule ya sentimita 30, ongeza vidole vitatu. Waingereza ni wakali upande mwingine: kwenye ukanda wa milimita 290 mbele ya usukani hawataki uzibe jeraha linalozidi milimita 10, kwa sababu hata ukiziba vizuri hubaki kivuli, na kivuli hicho usiku, mbele ya taa za trela la Malaba, si kitu cha kuchezea. Mimi ningechukua ukali wa aina zote mbili, wa urefu na wa mahali.

Ufa ulio ndani ya kipimo nao haukimbiliwi. Tafuta ncha yake kwanza, ile nyembamba kama unywele, toboa kipande cha nje kidogo tu, usiguse plastiki, ili ufa upate pa kutulia. Anzia hapo kurudi nyuma, resini nyepesi kwenye ncha, nzito kidogo mahali palipoachama, huku mwenzako akisukuma kioo polepole kutoka ndani kwa kidole gumba ili mdomo ufunguke. Utaiona resini ikitembea na ule mstari mweupe ukizimika nyuma yake. Usiisukume haraka. Na usinifanyie kazi hiyo chini ya mti ukadhani uko kivulini! Taa yako inaiga jua, na jua la Kitale hupenya majani. Resini itaganda kabla haijafika. Tafuta paa. Asubuhi kioo kikiwa na umande, kikaushe kwanza kwa joto la taratibu, maana resini haikai na maji.

Kuna wale waliokwisha kujaribu supagluu. Samahani sana kwao. Na wale waliobandika stika juu ya ufa, tena stika yenye aya ya Biblia. Bandua uone kilicho chini kabla hujataja bei.

Sasa kiini cha kumwambia meneja. Ufa mrefu haukuzaliwa mrefu. Nilikuwa na Probox, jiwe la lori likaniacha na alama ndogo kama punje ya maharagwe baada ya Kamukuywa. Nikaipuuza miezi miwili. Gari lililala Kitale, kwenye baridi ya mita 1,900 hivi, mchana likapigwa jua Bungoma, kijana wa kuosha magari akalimwagia maji ya kisima. Nilisikia "tii", kidogo tu, nikadhani ni chupa imeanguka. Kioo chote upande kwa upande. Punje ile ningeiziba kwa dakika thelathini.

Matatu zake hupitia baridi hiyo na jua hilo kila siku, pamoja na maramu, na trekta za miwa karibu na kiwanda cha Nzoia. Mpe bei ya kupita stendi mara moja kwa wiki, alfajiri kabla ya zamu, kuziba kila alama ikiwa bado punje. Nyufa ndefu ziwe bei nyingine, moja moja, baada ya kupima. Kama magari yana bima ya thadi pati tu, ile ya lazima chini ya Sura 405 ya sheria za Kenya, kioo kinatoka mfukoni mwake, kwa hiyo atakusikiliza. Na siku gari linapolala gereji likingoja kioo, dereva haleti hesabu. Meneja anaijua hesabu hiyo kuliko wewe.

Jisajili eTIMS, mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi, KRA, kabla hujampelekea ankara. Tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara hiyo inamsumbua mwenye biashara kwa KRA, na mhasibu wake ataitumia kama kisingizio cha kukuzungusha. Kuhusu deni, mpe siku 30, si zaidi, na gari la mwezi wa pili usiliguse kabla malipo ya mwezi wa kwanza hayajaingia kwenye simu. Utaitwa mkali. Itika tu.

Jumatatu nenda stendi saa kumi na moja alfajiri, na kisanduku ukiache nyumbani. Beba tochi, rula, daftari na kalamu ya wino mweupe. Andika namba ya kila gari, urefu wa ufa, ulipo, na tarehe. Kisha weka nukta ndogo kwenye ncha ya kila ufa. Jumatatu ijayo rudi na meneja, muangalie pamoja ufa umeivuka nukta kwa kiasi gani.