Ujia, Ukanda na Ushoroba: Neno Moja la Kiingereza Katika Mazingira ya Kitui na Makueni

Mwanafunzi wa tafsiri akikutana na neno la Kiingereza corridor, aghalabu huandika "korido" au "ukanda" kisha akaendelea na kazi yake. Makala haya yanadai kwamba haraka hiyo ina gharama, na kwamba gharama yenyewe huonekana wazi zaidi mashambani kuliko darasani.

Maana ya msingi ni ya ndani ya jengo: nafasi nyembamba iliyopakana na vyumba pande mbili. Hapa Kiswahili hakina upungufu. Kipo ujia, chenye mzizi mmoja na njia (Mkamba husema nzĩa). Upo pia ushoroba, wingi wake shoroba, na katika hospitali na shule za Kenya korido imekwisha kupata uraia. Waingereza hulitumia neno lao hata kwa siasa, wakiyaweka mamlaka katika ujia, mahali pa kunong'onezana. Waswahili waliyaweka barazani, mbele ya nyumba, mbele za watu. Na mpaka leo chifu wa Kitui huita baraza hata kama wanaokuja watakaa chini ya mti.

Ugumu huanza neno linapotoka nyumbani kwenda nchini. Katika karne ya 19, misafara ya Wakamba ilibeba pembe za ndovu kutoka Kitui hadi pwani. Mmisionari Krapf alipofika Kitui kwa Chifu Kivoi mwaka 1849, alifuata mapito ambayo wenyeji walikuwa wakiyatumia tayari. Hizo zilikuwa njia tu: zilikuwapo kwa sababu watu walipita. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 haikufika Kitui. Ilipita Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Sultan Hamud, katika nchi ambayo leo ni Makueni. Barabara kuu iliifuata, na mkataba wa nchi kadhaa uliotiwa saini mwaka 1985 ukaupa mkondo huo jina rasmi, Ukanda wa Kaskazini. Reli mpya ya mwaka 2017 ikapita uko uo huo.

Ukanda, basi, si njia. Ni kipande cha ardhi chenye upana, kilichochorwa kwenye ramani kabla ya mtu kupita. Poland ilipewa ukanda wa namna hiyo baada ya mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ili iifikie bahari, na jirani zake Wajerumani hawakuusahau.

Ndovu nao wana yao. Kati ya vilima vya Chyulu na mbuga za Tsavo, na kutoka Tsavo Mashariki kuelekea kusini mwa Kitui, wanyama hufuata maji na malisho. Wahifadhi huita mapito hayo ushoroba, na kanuni za Tanzania za mwaka 2018 zimelipa neno hilo nguvu ya kisheria. Uteuzi huo ni mzuri. Hata hivyo, ushoroba wa ndovu na ukanda wa malori hukatana katika Makueni, ndiyo maana reli mpya ilibidi kuachiwa vivuko chini yake. Kimoja hustawi kwa vituo, maduka na milango mingi. Kingine hufa pindi mlango mmoja unapojengwa.

Sasa mtazame mkulima wa Kibwezi anayesomewa tangazo. Shamba lililo katika ushoroba wa wanyama huweza kubaki lake, ila ataombwa asilizungushie ua. Lililo katika ukanda wa reli huenda likatwaliwa, naye ana haki ya fidia. Lililo katika "ukanda wa maendeleo" huenda lisiguswe kamwe, kwani maneno hayo hujumuisha kaunti nzima. Tangazo likiandika ukanda mara tatu, mkulima hana njia ya kujua aulize nini. Tangu Katiba ya 2010 Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya, kwa hiyo tangazo hilo si hisani ya mfasiri.

Pendekezo la makala haya ni kuacha ujia na korido majumbani, ushoroba kwa wanyama, na ukanda kwa reli na barabara, kila mara ukitajwa upana wake kwa mita. Kuhusu "ukanda wa maendeleo", neno eneo lingetosha, ingawa wapangaji wa mipango huenda wasilipende kwa kuwa halina mbwembwe.