Mlo wa Mimea Pekee kwa Asiyependa Mboga za Majani

Katika Kiswahili neno "mboga" lina maana pana. Kwa watu wengi wa Tanzania bara, mboga ni chochote kiliwacho pamoja na ugali au wali: maharage ni mboga, dagaa ni mboga, na hata nyama yaweza kuitwa mboga. Mchicha, matembele, kisamvu na sukumawiki ni kundi moja tu ndani ya jamii hiyo kubwa, nalo huitwa mboga za majani. Tofauti hii ya lugha humfaa sana mwanafunzi wa elimu ya lishe, kwa maana humzuia asichanganye mambo mawili ambayo huchanganywa kwa urahisi, yaani kula vyakula vitokanavyo na mimea, na kula majani.

Wako watu walioamua, ama kwa imani, ama kwa huruma juu ya wanyama, ama kwa ajili ya afya, kutokula kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa. Wako pia ambao hawakuamua lolote: mwanafunzi wa bweni ambaye kwa majuma mengi hula uji, ugali na maharage, naye kwa hakika anakula mlo wa mimea pekee, ingawa hajapata kuuita hivyo. Mtu wa namna hii akisema kwamba majani hayapendi, husikitikiwa au huchekwa, kana kwamba hakuna kilichobaki cha kumlisha. Lakini swali lake linastahili jibu la kisayansi. Mwili unahitaji nini hasa kutoka katika majani, na je, kitu hicho hakipatikani penginepo katika mimea? Lipo na swali la pili, lisiloulizwa sana ingawa ndilo zito zaidi: ni kitu gani ambacho mwili unakihitaji na ambacho majani hayo yanayosifiwa hayanacho hata kidogo?

Uchungu na asili yake

Kuchukia majani si lazima kuwe deko. Mwaka 1931 mkemia Arthur Fox, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya kampuni ya Du Pont huko Wilmington, Marekani, alikuwa akimimina unga wa kemikali iitwayo fenilthaiokabamaidi. Vumbi la unga huo likaruka hewani, na mwenzake akalalamika kwamba lilikuwa chungu mno mdomoni. Fox mwenyewe, aliyekuwa karibu nalo zaidi, hakuonja kitu. Wakaujaribu unga huo kwa watu wengine, ikadhihirika kwamba binadamu wamegawanyika: kuna waonjao uchungu wake na kuna wasiouonja. Walimu wa bayolojia wameitumia tofauti hiyo kwa miaka mingi kufundishia urithi. Mwaka 2003 jeni inayohusika ilitambuliwa, nayo hupewa jina la TAS2R38.

Mimea ya jamii ya kabichi, ikiwa ni pamoja na sukumawiki na figiri, ina kemikali zenye salfa ambazo, jani linapokatwa au kutafunwa, huvunjika na kutoa vitu vinavyofanana kwa muundo na ule unga wa Fox. Baadhi ya vitu hivyo huizuia tezi ya shingo kupata madini joto ya kutosha. Ulimi unaovikataa, kwa hiyo, haukosi sababu zake. Ila ikumbukwe kwamba mchicha, matembele na mnavu si wa jamii ya kabichi. Uchungu au ukakasi wake una asili nyingine, na mwanafunzi asiyependa sukumawiki hana haja ya kuyahukumu majani yote kwa kosa la moja.

Wapishi wa mwambao walijua dawa ya uchungu kabla ya wakemia. Mchunga, jani chungu kuliko mengi, hupikwa kwa tui la nazi na chumvi, wala haufiki mezani ukiwa vile ulivyotoka shambani. Mwaka 1997 watafiti Breslin na Beauchamp wa Philadelphia walionyesha kwamba kazi ya chumvi katika chakula si kuongeza ladha yake tu, bali ni kuuzima uchungu, na hivyo kuuachia utamu uliofichwa nafasi ya kujitokeza. Kuchemsha na kumwaga maji hupunguza uchungu pia, lakini humwaga pamoja nao vitamini zinazoyeyuka katika maji. Magadi yana hasara kubwa zaidi. Ni kweli kwamba hulainisha majani upesi na kuyaachia rangi nzuri ya kijani, lakini vitamini C na vitamini B1 haziwezi kustahimili alikali pamoja na moto. Mpishi hufurahia rangi, na mlaji hupata jani lililopungukiwa.

Kuzoea nako kuna nguvu. Mtoto aliyekataa chakula kipya mara ya kwanza huweza kukipokea baada ya kukionja mara nane, kumi au zaidi, mradi asilazimishwe. Bakora mezani haijapata kumfundisha mtu kupenda mlenda.

Kile ambacho majani hutoa

Tuseme, hata hivyo, kwamba mtu amejaribu yote hayo na bado hawezi. Majani humpa mlaji hasa vitamini A (kwa njia ya karotini, ambayo mwili huigeuza), vitamini C, foleti, vitamini K, na kiasi fulani cha kalsiamu na chuma.

Karotini inapatikana kwa wingi katika maembe, mapapai, maboga na karoti, na kwa wingi zaidi katika viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa. Kiazi kimoja cha wastani cha aina hiyo huweza kutosheleza mahitaji ya siku ya mtu mzima. Kiazi cheupe hakina karotini ya kutajika, na vivyo hivyo mahindi meupe. Mafuta ya mawese ambayo hayakusafishwa, kama yale ya Kigoma na ya Kongo, yana wekundu wake kwa sababu ya karotini iliyomo, na ubora wake ni maradufu kwa kuwa karotini haisharabiwi vizuri tumboni pasipo mafuta. Vitamini C haina shida kabisa. Pera limeizidi chungwa kwa mbali, na ubuyu ni hazina. Foleti imo tele katika maharage, kunde, choroko na dengu. Ni vitamini K pekee ambayo kwayo majani hayana mshindani wa karibu. Hata hivyo mafuta ya soya, bamia na maharage mabichi hutoa kiasi cha kufaa.

Kwa upande wa kalsiamu, sifa za mchicha zimetiwa chumvi. Asidi ya oksaliki iliyomo ndani yake huishika kalsiamu na kuizuia isiingie damuni, kwa hiyo kiasi kinachosomwa katika jedwali la vyakula si kile kinachoufikia mfupa. Ulezi una kalsiamu nyingi kuliko nafaka zote tuzilazo, takriban miligramu 350 katika gramu 100, na ufuta usiokobolewa una zaidi ya hapo. Ulezi nao una kizuizi chake, yaani asidi ya fitiki, ambayo hushika kalsiamu, chuma na zinki. Lakini nafaka ikiloweshwa na kuachwa iote, vimeng'enya vyake huanza kuivunja asidi hiyo. Ndiyo maana kimea na togwa ni zaidi ya kinywaji cha sherehe.

Chuma kinahitaji uangalifu zaidi. Chuma cha mimea husharabiwa kwa shida kuliko kile cha nyama, na msichana wa sekondari, ambaye hupoteza damu kila mwezi, anahitaji takriban miligramu 15 kwa siku hata akiwa anakula nyama. Gramu 100 za maharage yaliyopikwa zina miligramu 2 hadi 3 tu. Hapa linalotawala ni kile kinacholiwa pamoja na maharage. Ndimu, pera au chungwa katika mlo uleule huongeza sana usharabu wa chuma, kwa sababu vitamini C hukigeuza kuwa katika hali iliyo rahisi kupenya. Chai hufanya kinyume, kwani tanini yake hukifunga. Desturi ya kuteremshia ugali na maharage kwa chai ya rangi yafaa iachwe, na chai isubiri saa moja au mbili.

Protini huwatia watu hofu isiyolingana na hatari yenyewe. Protini ya mahindi ina upungufu wa laisini na triptofani. Ya maharage ina laisini nyingi ila ina upungufu wa methionini. Zikiliwa pamoja hukamilishana. Makande, yanayodharauliwa na wanafunzi wengi, ni kanuni hiyo ya kemia ndani ya sufuria moja. Ugali mtupu wenye maharage machache ya kuhesabika si makande, na hapo ndipo upungufu huanzia. Yote yaliyotajwa hutiwa chumvi yenye madini joto, isiyo na mbadala mwepesi kwa mtu aishiye mbali na bahari na asiyekula samaki.

Kile ambacho hakimo katika mmea wowote

Neno "vegan", ambalo leo hutumika duniani kwa mtu asiyekula kitu chochote kitokanacho na mnyama, lilibuniwa Uingereza mwaka 1944 na Donald Watson, mwalimu wa useremala, pamoja na wenzake walipounda chama chao. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba mlo wao ulikosa kitu kimoja cha lazima. Madaktari wa Boston, Minot na Murphy, walikuwa wameonyesha mwaka 1926 kwamba aina moja ya upungufu wa damu, iliyokuwa ikiua, hutulia mgonjwa akilishwa maini kwa wingi. Lakini kiini chenyewe kilichomo katika maini kilipatikana mwaka 1948, kikiwa fuwele nyekundu, na watafiti wa Marekani na wa Uingereza karibu kwa wakati mmoja. Ni vitamini B12. Dorothy Hodgkin aliutambua muundo wake kwa eksirei mwaka 1956, na katikati ya molekuli hiyo kubwa kuna atomu moja ya kobalti.

Vitamini B12 haitengenezwi na mmea wala na mnyama. Hutengenezwa na bakteria. Ng'ombe huipata kwa sababu bakteria waishio tumboni mwake huitengeneza, nayo hupita katika nyama na maziwa. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku, kiasi kidogo mno hata gramu moja ingemtosha kwa zaidi ya miaka 1,100. Lakini asiyekula kitu cha mnyama hapati hata hicho kidogo, ale majani au asile.

Ubaya wa upungufu huu ni kwamba huja polepole na kwa kujificha. Ini huweka akiba inayoweza kudumu kwa miaka kadhaa, kwa hiyo mtu huweza kujisifu kwa muda mrefu kwamba mlo wake haumdhuru. Zaidi ya hayo, foleti nyingi huweza kusaidia utengenezaji wa chembe nyekundu za damu hata B12 inapopungua; damu ikaonekana nzuri huku neva zikiendelea kuharibika. Dalili zake ni ganzi na kuchomachoma miguuni na mikononi, kuyumba katika kutembea, usahaulifu. Matibabu yakichelewa, madhara mengine ya neva hayarekebishiki. Mtoto mchanga anayenyonyeshwa na mama mwenye upungufu hana akiba ya miaka. Huweza kudhoofika na kurudi nyuma katika ukuaji ndani ya miezi ya kwanza.

Hapa yapasa kuonya juu ya tiba za uvumi. Togwa na vyakula vingine vilivyochachushwa si chanzo cha kutegemewa. Spirulina, mwani mdogo ambao wakazi wa kando ya Ziwa Chad huuvuna na kuula, una kitu kinachofanana na B12 lakini kwa sehemu kubwa hakifanyi kazi yake katika mwili wa binadamu. Kula mboga bila kuziosha, kwa hoja kwamba udongo una bakteria, ni kujitafutia minyoo na homa ya matumbo.

Njia ya hakika ni vidonge, au vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo, ambayo viwandani hutengenezwa na bakteria pasipo mnyama yeyote. Chama kilichoundwa mwaka 1944 leo kinawashauri wafuasi wake watumie mikrogramu 10 kila siku, au 2,000 mara moja kwa juma. Wanafunzi watashangaa kwa nini dozi ya juma imezidi mara saba ya ile ya siku. Sababu ni kwamba njia ya kawaida ya usharabu hujaa upesi, ikipitisha chini kidogo ya mikrogramu 2 kwa mara moja. Kiasi kinachobaki hupenya kwa takriban asilimia moja tu. Asilimia moja ya 2,000 ni 20, na 20 ikigawanywa kwa siku 7 inakaribia 3. Aliyekwisha kuona dalili zilizotajwa asijitibu kwa hesabu hii, bali aende hospitali apimwe.

Jaribio la darasani

Athari ya magadi inaweza kupimwa katika maabara ya kawaida ya shule. Itumike kabichi, kwa kuwa maji yake hayana ukijani wa kuficha rangi. Pima mafungu matatu ya gramu 20. Fungu la kwanza lipondwe likiwa bichi. La pili lichemshwe dakika 10 katika maji matupu, na la tatu kwa muda huohuo katika maji yaliyotiwa kijiko kimoja cha chai cha magadi, kisha yote mawili yapondwe pamoja na maji yake. Kila fungu liongezwe maji hadi sentimita za ujazo 100, lichujwe, na litiwe siki kidogokidogo. Katika fungu la tatu siki iendelee kutiwa mpaka povu likome. Weka sentimita moja ya ujazo ya rangi iitwayo DCPIP katika kila kijaribio, udondoshee maji ya kabichi huku ukihesabu matone mpaka rangi itoweke, ukipuuza uwaridi wa kati. Maji yatakayohitaji matone mengi zaidi ndiyo yenye vitamini C kidogo zaidi. Kabichi iliyotumika isiliwe.