Mche na Mazingira Yake: Mwongozo wa Kulea Miche Malakisi, Bungoma na Kitale

Kijitabu cha elimu kwa wakulima, vikundi vya kina mama na shule

Kwa nini tunakiandika

Kila mwaka mvua ndefu zinapokolea, miche hupandwa kwa wingi kutoka Malakisi hadi Kitale: sukuma wiki, nyanya, vitunguu, parachichi, mgrevilia. Kiangazi cha Januari kinapofika, mingi huwa imekauka, na lawama huangukia mbegu au duka lililoiuza. Mbegu mbovu zipo, lakini mche mara nyingi hufa kwa sababu ambazo mkulima angeweza kuziona na kuzirekebisha mapema.

Wakulima wa Malakisi hawaanzi mikono mitupu. Eneo hili limelima tumbaku kwa miaka mingi, na mbegu ya tumbaku ni ndogo mno: gramu moja ina takriban mbegu elfu kumi. Aliyeilima alijifunza kuinua tuta, kulifunika kwa nyasi, kunyunyiza maji kwa upole, na kuyapunguza kabla ya kuhamisha miche. Ujuzi huo huo unafaa mboga na miti. Miti ndiyo inayohitajika hasa, kwa kuwa tumbaku inayokaushwa kwa moto hula kuni nyingi.

1. Mbegu inavyoota

Ndani ya mbegu mna mmea mchanga uliolala pamoja na akiba yake ya chakula. Kuuamsha kunahitaji vitu vitatu: maji, hewa na joto la kutosha. Maji hulainisha ganda, mzizi hutangulia kutoka, kisha chipukizi hufuata.

Maharagwe huinua vipande viwili vya mbegu hadi juu ya ardhi, kwa hiyo udongo ulioganda juu huyavunja shingo. Mahindi huiacha mbegu yake chini na kupenyeza ncha iliyochongoka.

Majani yakishafunguka, mche huanza kujitengenezea chakula kwa mwanga, maji na hewa ya kaboni dayoksaidi. Siku hizo, akiba ikiwa inaisha na mizizi bado mifupi, ndizo za hatari kuliko zote.

Kanuni za kupanda:

- Fukia mbegu ndogo kwa kina kidogo, na kubwa kwa kina zaidi. Sukuma wiki hutosheka na sentimita 1, mahindi huenda hadi sentimita 5.
- Mbegu ya tumbaku huhitaji mwanga ili iote, hivyo haifukiwi.
- Mbegu ya kaliandra iloweke katika maji baridi kwa saa 48.
- Mbegu ya mgrevilia haihitaji kulowekwa, ila ipandwe ingali mpya.
- Kokwa za embe na parachichi zisiachwe zikauke. Zipandwe mapema baada ya tunda kuliwa.

2. Mambo matano yanayotawala maisha ya mche

*Maji.* Uhaba hunyausha, na wingi huua pia. Maji yakijaa kwenye udongo hufukuza hewa, mizizi ikaoza, na kuvu hushambulia shina pale linapokutana na ardhi. Mche huanguka ghafla ungali kijani. Mwagilia asubuhi, panda kwa nafasi, na usirudie udongo wa kitalu kilichougua.

*Joto.* Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Malakisi iko chini zaidi na ina joto zaidi, kwa sababu kila unapopanda mita 100 joto hupungua kwa takriban nyuzi 0.6. Ndiyo maana mahindi ya familia ya 600, kama H614, yalilengwa nyanda za juu kama Kitale, na ya familia ya 500 maeneo ya kimo cha kati. Usichukue mbegu kwa sababu tu ilimfaa shemeji yako wa Kitale.

*Mwanga.* Mche uliofichwa chini ya mti hurefuka upesi, ukawa mwembamba na mweupe. Lakini jua kali la mchana huunguza mche uliotoka kuota. Kivuli kiwe chepesi, na kipunguzwe kidogo kidogo.

*Udongo.* Mashamba mengi ya magharibi mwa Kenya yana udongo wenye asidi, kutokana na mvua nyingi inayoosha madini na matumizi ya mbolea ya DAP msimu baada ya msimu. Asidi ikizidi, madini ya alumini huyeyuka na kudumaza mizizi, na fosforasi hufungwa isiweze kutumika. Hapo kuongeza DAP ni kupoteza pesa. Pima udongo kwanza, na ikihitajika weka chokaa ya kilimo wiki kadhaa kabla ya kupanda.

*Viumbe jirani.* Mchwa, sota na kuku hujulikana. Adui asiyeonekana ni striga, gugu lenye maua ya zambarau. Mbegu yake hulala udongoni miaka mingi, na huamka inaponusa kemikali za mizizi ya mahindi au mtama. Huinyonya mizizi hiyo kabla hata ya kuchomoza. Ing'oe kabla haijatoa mbegu. Desmodiamu ikipandwa katikati ya mahindi huizuia, na ni lishe nzuri ya ng'ombe.

3. Soma dalili kabla ya kununua dawa

- Majani ya chini kuwa manjano: nitrojeni imepungua, au maji yametuama.
- Mahindi machanga kuwa na rangi ya zambarau: fosforasi haifiki, au baridi imezidi.
- Shina refu na dhaifu: mwanga hautoshi, au miche imebanana.
- Mche kukatwa usawa wa ardhi usiku: fukua kando yake, utampata sota.
- Kunyauka mchana na kupona jioni: mizizi bado mifupi. Ongeza matandazo.

4. Kitalu hatua kwa hatua

1. Chagua mahali tambarare, karibu na maji, palipozungushiwa ua.
2. Inua tuta la upana wa mita 1 ili ufikie katikati bila kulikanyaga.
3. Kwa miche ya miti, changanya madebe matatu ya udongo wa juu, moja la samadi iliyooza kabisa na moja la mchanga. Pakiti za maziwa zilizotobolewa chini zinafaa.
4. Panda kwa mistari, funika kwa nyasi kavu, na uziondoe mara miche inapochomoza.
5. Kata mizizi inayopenya chini ya pakiti.
6. Wiki mbili za mwisho punguza maji na kivuli ili mche uzoee shamba.

5. Hesabu ukirudi nyuma kutoka mvua

Miche ya miti huchukua miezi mitatu hadi sita kitaluni. Ukitaka kupanda Aprili, mbegu ziingie udongoni Oktoba au Novemba. Sukuma wiki huchukua kama wiki nne tu. Anayetafuta mbegu za miti mvua ikishanyesha atapanda miche michanga, na kiangazi kitaikuta haina mizizi.

Ukifika wakati wa kupanda mti shambani, chimba shimo la sentimita 45 kila upande. Tenga udongo wa juu, uuchanganye na samadi, uurudishe kwanza. Toa pakiti kabla ya kupanda. Kando ya Mto Malakisi panda miti ya kiasili, si mikaratusi.

6. Jaribio la shule

Chukua mikebe minne yenye udongo sawa na maharagwe matano kila mmoja. Wa kwanza upate maji na mwanga, wa pili usipate maji, wa tatu upate maji lakini uwekwe kabatini gizani, wa nne ujazwe maji hadi juu. Wanafunzi wapime kimo na kuandika rangi kila siku kwa wiki mbili.

7. Pa kupata msaada

Pakiti ya mbegu iliyoidhinishwa ina lebo ya KEPHIS, shirika linalokagua mbegu: ikwangue, utume nambari kwa ujumbe mfupi hadi 1393. Kwa mbegu za miti uliza taasisi ya utafiti wa misitu (KEFRI) au Huduma ya Misitu, na kwa udongo na mazao uliza shirika la utafiti wa kilimo (KALRO) Kitale. Afisa wa kilimo wa wadi yako ndiye wa kwanza kuonwa.

Mkulima, kabla ya msimu ujao pima udongo, anza kitalu mapema, na ukague miche kila asubuhi. Usipande miche mingi kuliko unayoweza kuitunza: kumi iliyokua ina faida kuliko mia iliyokauka.