Waya Mmoja, Kazi Mbili: Kufundisha Intaneti ya Laini ya Simu Katika Darasa la Sita

Mwanachuo mmoja niliyekuwa nikimsimamia katika mazoezi ya kufundisha alisimama mbele ya Darasa la Sita kufundisha mada ya mawasiliano. Maandalio yake yalikuwa safi na mchoro wake ubaoni ulipendeza. Alipofika kwenye intaneti iletwayo nyumbani kwa laini ya simu, aliwaambia watoto kwamba zamani waya ulikuwa wa kuzungumzia tu, na intaneti ilipokuja mafundi walitandika waya wa pili kando ya ule wa kwanza. Mtoto mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, mjomba wangu ni fundi wa simu. Anasema waya ni ule ule." Mwanachuo akamwambia akae, asiwachanganye wenzake.

Mtoto ndiye aliyesema kweli. Waya ni ule ule uliotandikwa kwa ajili ya maongezi, pengine miaka mingi kabla ya mtu yeyote wa nyumba ile kulisikia neno intaneti. Kosa la mwanachuo halikutokana na uvivu. Alikuwa amesoma kwamba intaneti hupita katika laini ya simu, lakini hakuelezwa inapitaje huku watu wakiendelea kuzungumza; basi pengo hilo akaliziba kwa kubuni. Tangu siku ile nimekutana na ubunifu wa namna hiyo mara nyingi, nami naona yafaa tulichambue jambo lenyewe kabla hatujazungumzia namna ya kulifundisha.

Simu, ambayo Alexander Graham Bell aliipatia hataza mwaka 1876, huigeuza mitetemo ya sauti ya msemaji kuwa mitetemo ya umeme. Umeme huo husafiri katika jozi ya nyaya nyembamba za shaba hadi kituo cha simu, na kutoka hapo kwa msikilizaji. Sauti ya binadamu ina mitetemo mingi ya namna mbalimbali, lakini wahandisi wa simu waliamua kupitisha ile tu inayotosha kueleweka, yaani kutoka mitetemo 300 hivi hadi 3,400 kwa sekunde. Iliyozidi hapo waliikata. Ndiyo maana katika simu ya aina hii ni rahisi kukosea kati ya s na f, hata mtu akalazimika kusema "s ya Sara".

Kompyuta zilipoanza kuunganishwa kwa simu, zilitumia kifaa kiitwacho modemu. Modemu ilizigeuza tarakimu za kompyuta kuwa milio, na milio hiyo ikapita katika njia ile ile nyembamba ya maongezi. Matokeo yake yalikuwa mawili. Kompyuta ilipokuwa kwenye simu, mtu hakuweza kupiga wala kupigiwa. Na mwendo ulikuwa mdogo: modemu za mwisho za aina hiyo zilifikia biti 56,000 kwa sekunde, tena kwa upande wa kupokea tu.

Hapa ndipo penye kiini cha somo zima, nami naomba mwanachuo apatilie mkazo. Ufinyu ule haukuwa wa shaba. Ulikuwa wa mitambo ya kituoni, iliyowekwa ipitishe maongezi na kukata mengine yote. Waya wenyewe, kutoka nyumbani hadi kituoni, ulikuwa na uwezo wa kubeba mitetemo mamia ya maelfu kwa sekunde, na uwezo huo ulikaa bure kwa karibu karne nzima.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, Joseph Lechleider, mhandisi wa shirika la utafiti la Bellcore huko Marekani, alionyesha namna ya kuutumia. Tatizo lilikuwa kwamba nyaya za wateja wengi hukusanyika katika kebo moja karibu na kituo, na kila waya huvujisha ishara zake kidogo katika jirani yake. Ishara dhaifu zinazowasili kutoka mbali humezwa na ishara zenye nguvu zinazoondoka hapo hapo. Lechleider alipendekeza njia isigawanywe sawasawa: sehemu kubwa ipewe yanayokwenda kwa mteja, na sehemu ndogo ipewe yanayotoka kwake. Naye John Cioffi wa Chuo Kikuu cha Stanford, pamoja na wenzake, waliendeleza mbinu ya kuigawa njia hiyo katika vijia vingi vidogo. Kanuni ya Marekani ilitolewa mwaka 1995, na ya kimataifa mwaka 1999. Mtindo huo hujulikana kwa herufi ADSL. Yafurahisha kukumbuka kwamba makampuni ya simu yaliutaka kwanza kwa ajili ya kuwapelekea watu filamu majumbani; biashara hiyo haikushika, intaneti ikautwaa.

Sasa tuingie darasani. Wengi wa watoto wetu hawajapata kuiona simu ya waya. Intaneti wanaijua katika simu ya mkononi ya mzazi. Kwa hiyo tusianze na maneno. Mwalimu amwombe fundi kipande cha waya wa simu, walau urefu wa mkono, akipitishe kwa watoto wakishike. Wataona kwamba ni nyaya mbili zilizovikwa plastiki na kusokotwa pamoja kama kamba. Watauliza kwa nini zimesokotwa. Jibu fupi latosha: kelele za umeme zitokazo nje huzipata nyaya zote mbili kwa kiasi kile kile, na kifaa cha mwisho, kwa kuwa hupima tofauti kati ya nyaya hizo, hukifuta kilicho sawa.

Baada ya hapo darasa litoke nje. Mtoto mmoja apewe ngoma, wa pili filimbi, nao wasimame pamoja. Hatua thelathini kutoka hapo wasimame watoto wengine wawili, wamewapa mgongo, kila mmoja ana karatasi na penseli. Mpiga ngoma apewe kwa siri namba tatu, tuseme 3, 5, 2, naye azipige kwa kuhesabu midundo. Mpiga filimbi apewe 4, 1, 6. Waanze kwa wakati mmoja. Msikilizaji wa kwanza aandike za ngoma tu, wa pili aandike za filimbi tu. Darasa likilinganisha, litakuta kwamba namba karibu zote zimefika salama.

Kisha zoezi lirudiwe kwa ngoma mbili zinazolia sawa. Sehemu hii walimu wengi huiruka kwa kuokoa dakika, nayo ndiyo yenye kufundisha. Wasikilizaji watachanganyikiwa, darasa litacheka, na hapo mwalimu aulize: "Hewa ilikuwa ngapi?" Moja. "Wajumbe walikuwa wangapi?" Wawili. "Mbona mara ya kwanza hawakugongana?" Mwacheni mtoto alipate mwenyewe, hata akichukua muda: mlio mmoja ulikuwa mnene na mwingine mwembamba, na sikio likaweza kuitenga. Sauti ya maongezi ndiyo ngoma, tarakimu za kompyuta ndizo filimbi. Kazi ya sikio hufanywa nyumbani na kijisanduku kiitwacho kichujio, ambacho huiachia simu mitetemo ya chini na kuizuilia ile ya juu. Kituoni nako kipo kifaa cha namna hiyo, kinachopeleka maongezi upande mmoja na tarakimu upande mwingine, bila kuzipitisha kwenye mitambo ile iliyokuwa ikizikata.

Watoto wakirudi darasani, mwalimu achore ubaoni mstari mnyoofu wenye urefu wa sentimita 110. Kila milimita iwe mitetemo elfu moja kwa sekunde. Waulizwe: maongezi ya simu yatachukua sehemu gani ya mstari huu? Wengi watakisia nusu. Mwalimu apime milimita 4 mwanzoni, apake rangi. Hizo tu, pungufu ya nusu ya unene wa kijiti cha chaki. Aache nafasi tupu hadi sentimita 2 na nusu, ili majirani wasigusane. Kutoka hapo hadi karibu sentimita 14 ni sehemu ya yanayotoka kwa mteja. Yote yaliyobaki, hadi mwisho wa mstari, ni ya yanayomjia. Sijaona mchoro mwingine wa mada hii unaonyamazisha darasa kama huo. Mstari huo hugawanywa tena katika vijia 256, kila kimoja kikiwa na upana wa zaidi kidogo ya milimita 4. Modemu inapowashwa hukipima kila kijia: kilicho safi hupewa mzigo mkubwa, chenye kelele hupewa mdogo au huachwa kabisa.

Hesabu nayo isisahauliwe. Wimbo mmoja uliohifadhiwa kwenye kompyuta waweza kuwa na biti milioni 32. Kwa modemu ya zamani, ya biti 56,000 kwa sekunde, utafika baada ya dakika tisa na nusu hivi. Kwa ADSL ya kwanza, iliyoweza kufikia biti milioni 8 kwa sekunde, ni sekunde 4. Watoto wagawanye wenyewe.

Limebaki suala la umbali, ambalo ndilo gumu kuliko yote, na mwalimu asiyejitayarisha hunaswa hapa. Waya hudhoofisha mitetemo ya juu upesi kuliko ya chini. Nyumba iliyo karibu na kituo hupata karibu mstari wote wa ubaoni. Iliyo mbali hubakiwa na mwanzo wake tu. Na ikipita kilomita 5 hivi, mara nyingi haipati kitu, ingawa maongezi yasikika vizuri. Mwalimu asijaribu kulionyesha hili kwa filimbi ya uwanjani, maana filimbi itasikika mbali na mfano utamgeukia. Awaulize badala yake kuhusu ngoma ya harusi usiku, inapochezwa mtaa wa pili. Kinachowafikia kitandani ni mdundo wa ngoma kubwa. Kayamba na maneno ya mwimbaji yamepotea njiani. Kila mtoto analijua hilo.

Kwa mwanachuo mwenye kupenda kudadisi, nitaongeza jambo moja. Huko Marekani, laini zilizozidi kilomita 5 na nusu hivi zilifungiwa vikoili vya waya kila baada ya umbali fulani, ili sauti isififie. Vikoili hivyo viliyanyoosha maongezi, lakini vikaikata kabisa mitetemo ya juu. ADSL ilipokuja, fundi alilazimika kwenda kuviondoa. Laini iliyotengenezwa vizuri kwa kazi moja ilikuwa mbovu kwa kazi ya pili.

Mtu aweza kuuliza kwa nini tufundishe haya, ilhali nchi nyingi sasa zinaing'oa shaba na kuweka nyuzi za kioo, na hapa kwetu Tanzania laini za waya zilikuwa chache, nyingi zikiwa mijini, na watu wengi wakaipata intaneti kwa simu za mkononi. Nadhani twafundisha kwa sababu ile hila ya ngoma na filimbi haikuishia kwenye shaba. Redio huzitenga stesheni kwa njia hiyo hiyo, na kuigawa njia moja katika vijia vingi vyembamba ndiko kunakofanywa na simu za mkononi za kizazi cha nne. Mtoto aliyeshika waya na kuuona mstari wa sentimita 110 ana mahali pa kuanzia atakapokutana na hayo mengine.

Juma lililofuata mwanachuo yule alirudi katika darasa lile na kipande cha waya. Alimwita mbele yule mtoto wa mjomba fundi, akawaambia wenzake kwamba mwenzao alisema kweli na mwalimu alikosea. Kisha akamkabidhi ngoma.